Askari Aliyepotelea Katika Foleni ya Tarakilishi

Muda mfupi baada ya saa sita za usiku, tarehe 12 Julai 1973, moto ulizuka katika orofa ya juu kabisa ya jumba moja kubwa kando ya mji wa St. Louis, Marekani. Jumba hilo lilikuwa ghala la kitaifa la kumbukumbu za wanajeshi. Vyumba vya makabrasha havikuwa na vinyunyizio vya kuzimia moto, na karatasi ni kitu kinachoshika moto upesi na kuzimika kwa taabu. Vikosi vya wazimamoto vya wilaya 42 viliitwa kusaidia, na haikuwa hadi asubuhi ya tarehe 16 ndipo moto ulipotangazwa kuwa umezimika kabisa. Hesabu ilipofanywa, makabrasha kati ya milioni 16 na milioni 18 yalikuwa yameangamia. Miongoni mwa askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960, wanane katika kila kumi walipoteza rekodi zao. Nakala hazikuwapo.

Ndani ya makabrasha hayo mlikuwamo maisha ya watu: siku mtu aliyoandikishwa, mapigano aliyoshiriki, majeraha aliyopata, matibabu aliyopewa kambini. Mzee aliyekatwa mguu katika vita vya Korea angeweza kufika mbele ya afisa na kukunja suruali aonekane anavyotembelea mguu wa bandia, lakini karatasi ya kushuhudia kuwa mguu wake ulikatikia vitani, wala si chini ya trekta shambani kwake, ilikuwa imegeuka jivu. Walinzi wa ghala walijitahidi kuokoa walichoweza. Kurasa zilizoloa maji zilipelekwa kwenye kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas, zikakaushwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, ambacho awali kilitumiwa kwa majaribio ya safari za anga za juu. Miongo mitano baadaye wangali wapo watumishi wa serikali ambao kazi yao ni kufunua kurasa hizo zilizoungua kingo, moja baada ya moja, kila askari au mjane anapoandika barua kuulizia.

Nimeanza na moto huo kwa sababu watu wengi, walimu wenzangu wakiwamo, wanaposikia habari za kumbukumbu za afya zinazohifadhiwa katika tarakilishi, hufikiri kwamba ni anasa ya mataifa yenye fedha za kuchezea. Sivyo. Taifa linalomtuma kijana vitani hujifunga deni kwake, na hati ya deni hilo ni kabrasha lake. Likipotea, mdai hubaki na mdomo wake mtupu. Wazee wetu waliopigana Burma mwaka 1944 wakiwa askari wa KAR wangelielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Marekani ina wizara nzima ya askari wa zamani. Ilianza mwaka 1930 kama idara, ikapandishwa hadhi ya wizara mwaka 1989. Ina hospitali zipatazo 170, zahanati zaidi ya 1,000, na askari wa zamani wapatao milioni tisa walioandikishwa kutibiwa humo. Ni wagonjwa wengi mno kuwa mikononi mwa mwajiri mmoja wa madaktari. Kwa hiyo lolote linaloamuliwa huko kuhusu kumbukumbu za wagonjwa lina mafunzo kwa kila mtu, na historia yake ina vituko ambavyo sijaona vikisimuliwa kwa Kiswahili.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo 1966 na 1967, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, wataalamu wachache walibuni lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa hasa kwa kazi za hospitali. Waliiita MUMPS, jina ambalo kwa Kiingereza ni lile la ugonjwa wa matubwitubwi. Madaktari nao wana mizaha yao. Miaka kumi hivi baadaye, wafanyakazi kadhaa wa idara ya askari wa zamani waliichukua lugha hiyo wakaanza kuunda programu ndogo ndogo katika hospitali zao. Mmoja aliunda ya kuandikisha wagonjwa, mwingine ya maabara, mwingine ya dawa. Mwundaji aliketi bega kwa bega na daktari au muuguzi, akamwuliza anataka nini, akamwonyesha asubuhi alichokiandika usiku, akakirekebisha mchana.

Makao makuu hayakufurahia. Kulikuwa na kitengo rasmi cha tarakilishi chenye mashine kubwa kubwa na mipango ya miaka mingi, na wakuu wake waliwaona vijana hawa kama waasi. Wengine walifutwa kazi, wengine wakahamishwa, mashine zao zikaamriwa zifungwe. Waliobaki waliendelea kwa siri, wakipelekeana programu zao kutoka hospitali moja hadi nyingine, wakajiita Wenye Kofia Ngumu, kama mafundi wa mjengo. Mtandao wao wakaubatiza jina la ile njia ya siri iliyotumiwa na watumwa wa Marekani kutorokea kwenye uhuru karne ya 19. Mwishowe madaktari wenyewe waliwatetea. Walikuwa wameonja, na mwonja asali haonji mara moja. Mnamo Februari 1982 mkuu wa idara, Robert Nimmo, alitia sahihi agizo la kuukubali mfumo huo wa waasi uwe mfumo wa idara nzima. Katika miaka ya 1990 uliboreshwa, ukapewa sura inayosomeka kwa urahisi katika kioo, na jina lake likawa VistA.

Msomaji ataniwia radhi nikikawia hapa, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mfumo ulioundwa na watumiaji wake huendelea kupokea mawazo yao. Katika hospitali ya askari wa zamani mjini Topeka, jimbo la Kansas, muuguzi mmoja alirudisha gari la kukodi akaona mhudumu akilipitishia kifaa kidogo kinachosoma alama za mistari, kama zile zilizoko kwenye pakiti za bidhaa dukani. Akajiuliza: kama gari linaweza kutambuliwa hivi, kwa nini tunampa mgonjwa dawa kwa kukisia? Wazo lake likasikilizwa. Likatengenezwa kifaa kinachosoma alama kwenye bangili ya mgonjwa na kwenye pakiti ya dawa. Visipolingana, mashine humwonya muuguzi kabla dawa haijamezwa. Kufikia mwaka 2000 utaratibu huo ulikuwa umeenezwa katika hospitali za wizara nchini kote. Hakuna mshauri wa kukodishwa aliyelipwa kulifikiria jambo hilo.

Halafu ikaja Agosti 2005, na kimbunga Katrina kikaufunika mji wa New Orleans kwa maji. Wakazi wengi walikimbilia majimbo mengine wakiwa hawana hata kipande cha karatasi cha kueleza wanaugua nini au wanameza dawa gani. Mafaili yao yalikuwa yakielea ndani ya maji machafu. Askari wa zamani walifika Houston na kwingineko, wakataja majina yao, na madaktari ambao hawajapata kuwaona wakafungua kumbukumbu zao katika kioo. Ule moto wa St. Louis ulikuwa umepata jibu lake. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Harvard kiliutunuku mfumo huo tuzo yake ya ubunifu serikalini.

Kama ni hivyo, mbona wakautupa?

Lazima tuwe waadilifu. VistA ilikuwa na kasoro za kweli. Kwa kuwa ilizaliwa hospitali kwa hospitali, iligawanyika kuwa matoleo yapatayo 130, kila moja na vijidesturi vyake, kama lahaja za lugha moja zilizoachwa bila kamusi. Watu wanaoijua MUMPS walikuwa wakizeeka, na vijana wanaotoka vyuoni hawakuwa na hamu ya lugha iliyowazidi umri. Kubwa zaidi, jeshi lenyewe lilikuwa na mfumo wake mwingine kabisa, na hii miwili haikusikilizana. Kijana aliyejeruhiwa Irak au Afghanistan alitibiwa na madaktari wa jeshi, na siku alipovua magwanda akawa mtu wa wizara nyingine, ambayo haikuweza kuyaona yote aliyotendewa. Ikawa ni yeye mwenyewe, na jeraha lake la ubongo, wa kubeba bahasha ya karatasi kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Sheria ya mwaka 2008 iliziamuru wizara hizo mbili ziunganishe kumbukumbu zao. Zikajaribu kuunda mfumo mmoja wa pamoja, zikatumia mamia ya mamilioni ya dola, na Februari 2013 zikatangaza kuwa zimeshindwa. Mwaka 2015 jeshi likachagua mfumo wa kampuni ya Cerner. Miaka miwili baadaye waziri wa askari wa zamani, David Shulkin, akatangaza kuwa wizara yake nayo itafuata huko huko, na Mei 2018 kandarasi ya dola bilioni 10 ikatiwa sahihi bila zabuni ya ushindani. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: kampuni moja, mfumo mmoja, askari asipotee njiani. Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Ninachokihoji ni namna ilivyotekelezwa.

Hospitali ya kwanza kuhamishwa ilikuwa ile ya Spokane, jimbo la Washington, tarehe 24 Oktoba 2020, katikati ya janga la korona. Wauguzi na madaktari walilalamika kwamba mafunzo waliyopewa yaliwafundisha kubonyeza vitufe bila kuwaeleza kazi yenyewe ya kila siku ingefanyikaje. Lakini hatari iliyokuwamo hawakuiona, wala wasingeweza kuiona, kwa sababu hawakuambiwa kuwa ipo.

Daktari anapomaliza kumpima mgonjwa huandika agizo: apigwe picha, apelekwe kwa mtaalamu wa moyo, apangiwe siku ya kurudi. Agizo hilo lazima lifike mahali fulani, kwa mtu fulani. Katika mfumo mpya, agizo ambalo tarakilishi haikutambua mahali pake halikurudi kwa daktari kumwambia, "Bwana, hapa pamekosewa." Lilitumbukia katika sehemu iliyoitwa foleni isiyojulikana, likalala humo. Daktari aliona katika kioo chake kwamba ametuma. Kliniki haikuona chochote. Mgonjwa alikaa nyumbani akisubiri simu. Mkaguzi Mkuu wa wizara alipochunguza, katika ripoti yake ya Julai 2022 alieleza kuwa maagizo zaidi ya 11,000 yalikuwa yamezama humo kati ya Oktoba 2020 na Juni 2021, na kwamba visa 149 vya wagonjwa kudhurika vilithibitishwa.

Katika ripoti hiyo kuna kisa cha mtu mmoja, askari wa zamani asiye na makao, aliyejulikana kuwa katika hatari ya kujitoa uhai. Daktari wa magonjwa ya akili aliagiza apangiwe siku ya kuonana naye tena. Agizo likaingia katika foleni isiyojulikana. Siku haikupangwa. Wiki kadhaa baadaye mtu huyo aliipigia laini ya dharura ya askari wa zamani, akasema ana wembe mkononi na nia ya kujiua anayo. Bahati ilikuwa kwamba aliyepokea simu alifanya kazi yake, waokoaji wakamfikia, akalazwa.

Kisa hiki nimekisoma zaidi ya mara moja, na kila mara swali langu ni lile lile: ni nani aliyekaa mezani akaamua kwamba agizo lisilo na anwani liwekwe kando kimya kimya? Nina hakika hakuwa muuguzi. Muuguzi yeyote, wa Spokane au wa Kakamega, angesema papo hapo kwamba karatasi isiyo na mwenyewe ndiyo ya kupigiwa kelele kuliko zote. Karani wa posta wa zamani aliyepata barua isiyo na anwani aliirudisha kwa mtumaji, ikiwa imepigwa mhuri. Hilo halihitaji shahada ya sayansi ya tarakilishi.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2022 mfumo ulipelekwa Walla Walla, Columbus, Roseburg na White City, na mwaka huo huo kampuni ya Oracle ikainunua Cerner. Huko Columbus mgonjwa mmoja alikosa miadi yake. Mfumo, kwa hitilafu, haukuwakumbusha wahudumu kumtafuta na kumpangia siku nyingine, na baadaye akafa kwa kuvuta kemikali kupita kiasi. Machi 2023 maseneta walielezwa kuwa vifo vinne vya wagonjwa vimehusishwa na mfumo huo. Wakaguzi wakagundua pia kuwa askari wapatao 250,000 waliotibiwa katika hospitali za mfumo mpya wangeweza, wakienda kutibiwa kwenye hospitali za mfumo wa zamani, kukuta orodha ya dawa zao ina makosa. Kwa maneno mengine, ile bahasha ya karatasi iliyokusudiwa kuondolewa ilirejea, ila sasa haionekani.

Gharama nazo zilifura. Makadirio ya wataalamu huru ya mwaka 2022 yalifikia karibu dola bilioni 50 kwa muda wa miaka 28. Aprili 2023 wizara ikasimamisha uenezaji, na mwezi uliofuata kandarasi ikaandikwa upya ili iwe inahuishwa mwaka hadi mwaka, kampuni ikibanwa zaidi kwa adhabu pale mfumo unapozimika au kukwama. Hospitali moja tu iliongezwa wakati wa mapumziko hayo, ile ya North Chicago inayoendeshwa pamoja na jeshi, Machi 2024. Kisha Machi 2025 wizara ikatangaza kuwa hospitali 13 zingeingizwa mwaka 2026, zikianzia Michigan.

Wapo watakaosema kwamba somo la haya yote ni kuogopa mashine na kurudi kwenye karatasi. Wasome tena habari za St. Louis. Wengine watasema kosa lilikuwa kununua badala ya kuunda. Hata hilo silikubali moja kwa moja. Jeshi lilinunua mfumo ule ule na likaueneza katika hospitali zake zote. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kudhani kwamba VistA ni programu tu. VistA ilikuwa pia mazoea ya miaka 40 ya muuguzi kumwambia mwundaji, "Hapa pananikwaza," na mwundaji kusikia. Walipobadilisha programu waliyang'oa na mazoea hayo, na hawakupanda chochote mahali pake. Sauti ya Topeka haikuwa na pa kupitia Spokane.

Haya yanatuhusu nini sisi tulioko huku? Yanatuhusu sana. Mnamo 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianzisha mfumo mdogo wa tarakilishi wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa mashambani. Kutokana na kazi ya Eldoret, tangu 2004, ilikua OpenMRS, programu isiyouzwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, na ambayo juu yake umejengwa mfumo unaotumiwa na kliniki zetu nyingi za virusi vya ukimwi. Wanafunzi wetu wanafahamu majina ya waasisi wa makampuni ya California. Sidhani wengi wanafahamu kwamba Mosoriot imo katika historia hiyo.

Oktoba 2023 tulipata Sheria ya Afya ya Kidijitali, kesi zikafuata mahakamani, na Oktoba 2024 bima mpya ikachukua nafasi ya NHIF, pamoja na mitambo yake. Wakati huo huo mama yangu mzazi angali anakwenda kliniki akiwa na daftari la shule lenye kurasa 48, alilolinunua dukani kwa shilingi chache. Ndani yake mna shinikizo lake la damu la miaka sita, kwa hati za matabibu wasiopungua kumi. Mwaka jana, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, aliambiwa daftari halihitajiki tena kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya mashine. Akalitia kwenye mkoba. Aliporudi mwezi uliofuata mashine ilikuwa haimjui, na yule muuguzi, binti mwenye heshima zake, akamwinamia akamwuliza kwa sauti ya chini: "Mama, lile daftari hukuja nalo?"

Alikuwa nalo. Mama ni mwalimu mstaafu, na mwalimu hatupi daftari.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wanaotia sahihi kandarasi za mitambo hii, huku kwetu kama kule Michigan. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, aitwe muuguzi wa zamu ya usiku kutoka hospitali ya wilaya, apewe kiti mbele, na aruhusiwe kumwuliza mwuzaji swali moja: agizo ambalo mashine yako haijui pa kulipeleka huenda wapi, na ni nani anayeamshwa? Mwuzaji akisema atalijibu baada ya mtambo kuwashwa, mtambo usiwashwe.